Mila Isiwe Kichaka cha Wasiotaka Kufikiri

Iko tabia moja iliyoenea katika Afrika nzima, nayo haina mpaka wala dini. Mwenye madaraka akibanwa na swali gumu hukimbilia kichakani kujificha, na kichaka chenyewe huitwa mila. Kijana akiuliza kwa nini uamuzi fulani umefikiwa, huambiwa kwamba katika mila ya Mwafrika mdogo hamhoji mkubwa. Mwanafunzi akitaka kujua kanuni iliyoandikwa ubaoni imetoka wapi, huambiwa kuwa hana adabu. Mjane akiuliza kwa nini shemeji zake wanabomoa mabati ya nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, huambiwa kwamba ndivyo walivyofanya wazee. Upande wa pili wapo wale ambao wakilisikia tu neno mila hucheka, kisha hutoa kitabu cha Kizungu, kana kwamba kila kilichopigwa chapa London au Paris kimekwisha kufikiriwa na Mwafrika hana haja ya kukifikiri tena. Makundi haya mawili hutukanana usiku na mchana. Kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili yamekwepa kazi ile ile.

Mtu aliyewaumbua wote wawili kwa pamoja ni Profesa Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki dunia tarehe 6 Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 90. Alizaliwa mwaka 1931 na kukulia Kumasi, katika nchi ya Waashanti. Alisoma falsafa Legon, nje kidogo ya Accra, kuanzia 1952 hadi 1958, kisha akaenda Oxford, ambako alisimamiwa na Gilbert Ryle, mmoja wa wanafalsafa waliovuma sana Uingereza katika zama zile. Alirudi nyumbani mwaka 1961, akafundisha Legon kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1980 alitoa kitabu juu ya falsafa na utamaduni wa Kiafrika, na mwaka 1996 akatoa kingine juu ya mambo ambayo tamaduni zote za wanadamu zinashirikiana na yale ambayo kila utamaduni unayo peke yake.

Tangu afariki imekuwa desturi kumtaja kwa sifa. Hutajwa katika ufunguzi wa makongamano kama vile mtu anavyotundika picha ukutani, kisha kikao kikaendelea kana kwamba hakuandika neno. Sifa ni nyepesi kuliko kusoma. Wiredu akisomwa kwa makini hawapi raha wanaomsifu. Mpenda mila hukuta humo mila zinapelekwa mahakamani, na mpenda Ulaya hukuta Ulaya imesimamishwa kizimbani papo hapo, tena kwa hoja.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni jinsi alivyosomeshwa. Katika miaka ile sita ya Legon, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, hakuambiwa hata mara moja kwamba kuna kitu kiitwacho falsafa ya Kiafrika. Alifundishwa Plato, akafundishwa Descartes, akafundishwa Hume na Kant. Hakuna ubaya katika hayo. Ubaya ni kwamba kijana wa Kumasi, aliyekulia katikati ya watu wanaohukumu kesi, wanaobishana kwa methali na wanaopima utu wa mtu kwa matendo yake, alifundishwa kimya kimya kwamba hayo yote hayahesabiwi kuwa fikra. Mkoloni hakuhitaji kusema hivyo kwa kinywa. Mtaala ulisema kwa niaba yake.

Mtu mwingine angetoka hapo na hasira, akageuka kuwa mwimbaji wa sifa za mababu. Wapo waliofanya hivyo, na vitabu vyao vilinunuliwa sana Ulaya, maana Ulaya hupenda kusikia kwamba Mwafrika anacheza ngoma wakati Mzungu anafikiri. Wiredu hakwenda njia hiyo. Katika kitabu cha 1980 alitaja kasoro tatu zinazoweza kuupata utamaduni wowote ule. Ya kwanza ni kung'ang'ania mambo yaliyokwisha kupitwa na wakati wake. Ya pili ni ubabe, yaani kuyaendesha maisha kwa namna inayomfanya mtu atende au ateswe kinyume cha hiari yake bila sababu ya haki, au inayomzuia asikue na kuwa na hiari yake mwenyewe. Ya tatu ni kuegemeza mambo ya wanadamu juu ya mizimu na nguvu zisizoonekana. Kisha akageuka akawatazama watu wake na kusema kwamba zote tatu zipo kwao.

Chukua mazishi ya Waakan kwa kipimo hiki. Zamani ukoo uliishi karibu karibu, kazi ya shamba ilikuwa na majira yake, na msiba uliwakutanisha watu ambao kwa vyovyote vile wangekutana. Leo maiti hulazwa katika jokofu kwa majuma kadhaa kungojea fedha zikusanywe. Matangazo yenye picha ya marehemu hupigwa chapa na kubandikwa barabarani. Maturubai, vyakula, vinywaji na sare za vitambaa vyeusi na vyekundu hugharimu fedha ambazo marehemu alipokuwa hospitalini hazikuonekana. Msomaji wa Kumasi au wa Accra hahitaji kusimuliwa. Wala msomaji wa mahali pengine asicheke mapema, bali ahesabu kwanza michango ya harusi aliyoandikiwa mwaka huu. Anayesema kwamba gharama hizi ni mila ya kale na haziguswi, aeleze jokofu liliingia lini katika mila.

Aidha, katika sherehe nyingi za Ghana mababu humiminiwa kinywaji na kuombwa baraka. Kinywaji hicho aghalabu ni pombe kali ya Kiholanzi, iliyoingia pwani ile kwa biashara ya Waholanzi. Hilo si kosa, maana tamaduni zote huazima. Lakini aliyemimina pombe ya Holland asimzuie mwenzake kuuliza swali kwa kisingizio kwamba swali ni kitu cha kigeni.

Kasoro ya pili, ubabe, ndiyo iliyomuuma zaidi, na ndiyo inayopaswa kuwauma walimu na watumishi wa umma. Wiredu aliona kwamba jamii za jadi, pamoja na wema wake wote, zilijengwa juu ya utii usiohoji. Mtoto mwenye kudadisi hakusifiwa, na mtu mzima mwenye fikra zake mwenyewe hakutafutwa. Maneno haya ni makali, na yapo matakwa ya haki ya kuyapunguza, kwa sababu vitendawili, hadithi za jioni na mabishano ya baraza vilimnoa mtoto akili kuliko madarasa mengi ya leo. Hata hivyo, anayebisha kabisa na aingie darasani. Mwalimu husoma, wanafunzi huandika; mtihani huja, wanafunzi hurudisha kile walichoandika; aliyerudisha bila kupunguza nukta huitwa hodari. Mkoloni aliikuta heshima ya mtoto kwa mzee, akaioanisha na kiboko cha shule yake, na kutokana na ndoa hiyo akazaliwa mwanafunzi mtiifu asiye na swali. Nchi zikapata uhuru. Ndoa haikuvunjwa.

Hapa pana kiungo cha kweli na Tanzania. Mwaka 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliandika kwamba elimu lazima imjenge kila raia awe na akili ya kudadisi, aweze kujifunza kutokana na wafanyayo wengine na kuyakataa au kuyarekebisha kulingana na mahitaji yake, na ajiamini kuwa ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Wengi wanaukumbuka waraka ule kwa jembe na shamba la shule. Akili ya kudadisi iliyotajwa humo imesahauliwa, maana jembe unaweza kulihesabu katika taarifa ya robo mwaka, lakini udadisi hauhesabiki, tena unasumbua.

Na ofisini je? Heshima kwa wazee ndiyo mila inayotajwa kuliko zote. Afisa huyu huyu, akiwa kijijini kwao, huinuka kitini mzee aingiapo, husema "shikamoo" kwa sauti ya upole na hupokea kwa mikono miwili. Jumatatu anakaa nyuma ya meza. Mzee wa rika la baba yake, aliyepanda basi tangu alfajiri kufuatilia pensheni yake, anasimamishwa mlangoni, anaambiwa jalada halionekani, anaambiwa aje kesho. Na kesho yake ataambiwa mhusika yuko mkutanoni. Akipita mkurugenzi mwenye umri wa mtoto wa mzee yule, afisa anaruka kusimama. Basi heshima ile haikuwa kwa mvi. Ilikuwa kwa cheo, na mila ilikuwa vazi lake tu. Huu ndio ubabe aliousema Wiredu: kulazimisha heshima ipande juu na kutoiruhusu ishuke.

Wanaodai kwamba ukosoaji wa namna hii ni kuichukia Afrika hawajasoma insha yake ya mwaka 1976 juu ya namna isiyofaa ya kulinganisha fikra za Kiafrika na za Magharibi. Wataalamu wa Ulaya walikuwa na hila moja, na huenda wengine hawakujua kuwa ni hila. Walichukua imani ya mkulima wa Kiafrika juu ya mizimu, wakailinganisha na nadharia ya mwanasayansi wa Kizungu katika maabara, kisha wakatangaza kwamba hiyo ndiyo tofauti ya Mwafrika na Mzungu. Wiredu aliuliza: kwa nini mkulima asilinganishwe na mkulima? Ulaya nayo ina imani zake za kienyeji juu ya mapepo na wachawi. Iliwachoma moto wanawake waliodhaniwa wachawi hata katika karne ambayo Descartes alikuwa akiandika. Tofauti iliyopo, alisema, si ya rangi wala ya damu. Ni ya hatua ya uchunguzi, na hatua hiyo kila taifa linaweza kuipiga likitaka. Ndiyo maana mpenda Ulaya naye hana pa kukimbilia.

Hapo ndipo linapoingia suala la lugha, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote aliyoyaacha. Wiredu aliwaomba wanafalsafa wa Afrika wafanye jambo moja jepesi kulisema na gumu kulitenda: kila wazo walilofundishwa kwa Kiingereza au Kifaransa walifikiri upya katika lugha ya mama zao, waone kama linasimama.

Alipenda kutoa mfano wa Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1931. P'Bitek alisimulia kwamba mwaka 1911 mapadre Wakatoliki wa Kiitalia waliwakalisha wazee wa Kiacholi na kuwauliza ni nani aliyewaumba. Lugha ya Kiacholi haikuwa na neno la kuumba kitu kutoka katika utupu, basi swali likageuzwa likawa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakajibu kwamba hawajui, watu huzaliwa na mama zao. Mapadre hawakuridhika; walitaka jina. Mzee mmoja akakumbuka kwamba watu huzaliwa kweli na mama zao, lakini ukimwona mtu ana kibiongo, aliyemfinyanga hivyo ni pepo aitwaye Rubanga. Mapadre wakafurahi, wakaandika. Tangu siku hiyo pepo wa kuvunja migongo akahubiriwa kuwa ndiye Muumba mwenye huruma. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Muulizaji hakutaka kujua kwamba swali lake lenyewe lilikuwa na kabila.

Mfano wa pili unamhusu kila msemaji wa Kiswahili. Descartes aliandika mwaka 1637 kwamba anafikiri, kwa hiyo yupo. Na akaongeza kwamba anaweza kujifanya hana mwili, wala hakuna ulimwengu, wala hakuna mahali alipo, lakini hawezi kujifanya kwamba hayupo. Padre Alexis Kagame wa Rwanda, katika uchunguzi wake wa lugha za Kibantu, alionyesha kwamba katika lugha hizo mtu hawezi kusema "ni" akanyamaza. Lazima amalizie ni nini au yuko wapi. Wiredu alisema Kiakan kiko hivyo hivyo: kuwapo ni kuwa mahali. Sasa pima kwa Kiswahili. Tafsiri ya Descartes ni "nafikiri, kwa hiyo nipo". Lakini po ni mahali! Mswahili anaweza kuchagua niko, nipo au nimo, mahali pa mbali au pasipo dhahiri, mahali maalumu, au ndani ya kitu. Asichoweza ni kuwapo bila hata kivuli cha mahali. Akimsikia Descartes anasema "nipo, ila hakuna mahali nilipo", atamwuliza kama anajisikia vizuri.

Je, basi Descartes amekwisha? La hasha, na hapa Wiredu anawaacha mkono wazalendo wavivu. Alisisitiza kwamba wazo halifi kwa kuwa tu haliingii katika Kiakan. Pengine kasoro ni ya Kiakan. Ni lazima itolewe hoja inayoeleweka katika lugha zote mbili. Tena Mswahili husema "Mungu yupo", na hasemi wapi, wala hajioni kuwa amesema upuuzi. Huenda ile po imechakaa kwa matumizi, ikapoteza mahali. Huenda hapo msemaji anafikiri mbinguni bila kutamka. Huenda dini za kigeni ndizo zilizoinyoosha lugha ikabeba mzigo mpya. Hilo ni swali la kweli la falsafa, kubwa kama lolote linalojadiliwa Oxford, na mwenye ufunguo wake ni yule aliyelelewa katika Kiswahili.

Lakini mwanafunzi wa Tanzania ataulizwa lini swali hilo katika lugha yake? Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari kuanzia 1985 na katika vyuo vikuu kuanzia 1992. Serikali ya wakati ule haikulitekeleza pendekezo hilo. Sababu zilizotolewa zinajulikana: vitabu hakuna, istilahi hazitoshi, dunia itatuacha nyuma. Istilahi hazizaliwi kabla ya kazi kama vile njia haitokei kabla ya wapitaji. Nyerere alipomtafsiri Shakespeare, mara ya kwanza mwaka 1963, hakungoja kamusi impe ruhusa. Na mtoto anayekariri kwa Kiingereza jambo asilolielewa hajaikaribia dunia hata hatua moja.

Wapinzani wana hoja moja ya kumtupia Wiredu, nayo ni ya haki: yeye mwenyewe aliandika kwa Kiingereza, na kuanzia mwaka 1987 alifundisha Tampa, katika jimbo la Florida, Marekani, hadi alipostaafu. Kuhusu lugha, jibu lipo. Hakusema Mwafrika aandike kwa lugha moja tu. Alisema afikiri kwa zote na asimeze kwa yoyote. Insha yake ya mwaka 1985 juu ya dhana ya ukweli katika Kiakan iliandikwa kwa Kiingereza, lakini haikuweza kuandikwa na Mwingereza. Humo anaeleza kwamba neno nokware, ambalo Waakan hulitumia kwa ukweli wa msemaji, asili yake ni kuwa na kinywa kimoja. Msomaji wa Kiswahili atalielewa papo hapo, kwa sababu anamjua ndumilakuwili, na amewahi kumwona akisoma taarifa ya utekelezaji mbele ya wageni.

Kuhusu kuondoka, jibu ni gumu zaidi. Ghana ya miaka ya 1980 ilikuwa katika dhiki kuu. Mwaka 1983 peke yake ulileta ukame, moto wa misituni, na Waghana wapatao milioni moja waliofukuzwa Nigeria. Mishahara ya wahadhiri ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi, na wengi walikwenda Nigeria na kwingineko. Si haki kumhukumu mtu mmoja kwa njaa ya nchi nzima. Lakini si haki pia kujifanya kwamba hakuna kilichopotea. Kwa miaka yote ile vijana wa Florida ndio waliokuwa na nafasi ya kumwuliza mwalimu huyu swali ana kwa ana. Anayetaka kulaumu aanze na wale waliodhani kwamba chuo kikuu ni majengo, na kwamba mhadhiri ataishi kwa heshima ya jina lake.

Katika maadili Wiredu alikuwa na mafundisho machache yaliyo wazi. Msingi wa wema, alisema, ni kujiweka mahali pa mwenzako bila upendeleo na kutazama kama ungelikubali kutendwa unavyotenda. Alikumbusha usemi wa Waakan kwamba mwiba ukimchoma jirani huonekana kama umechoma gogo. Waswahili nao husema adhabu ya kaburi aijua maiti. Aliongeza kwamba kwa Waakan jambo si jema kwa sababu mungu fulani ameliamuru, bali kwa sababu linamfaa binadamu, na kwamba utu si kitu mtu anachozaliwa nacho kikiwa kimekamilika. Huongezeka kwa wajibu anaoutimiza na hupungua kwa wajibu anaoukwepa. Kwa kipimo hicho, mwenye shahada tatu anaweza kuwa na utu mdogo kuliko mpagazi wa sokoni anayesomesha watoto wa ndugu yake.

Linabaki jambo ambalo gazeti la chama haliwezi kulipita kimya. Wiredu aliamini kwamba njia ya jadi ya kuamua mambo ilikuwa mwafaka: kuzungumza hata wote wakubali nini kifanyike, ijapokuwa hawakubaliani juu ya kila fikra. Alitumia mfano wa mamba wa Waashanti mwenye vichwa viwili na tumbo moja. Vichwa hugombania chakula, na chakula kinakwenda tumbo lile lile. Viongozi wa uhuru, Nyerere na Kaunda miongoni mwao, walitumia hoja inayofanana na hiyo kutetea chama kimoja, Nyerere akitaja wazee wanaokaa chini ya mti mkubwa na kuzungumza hata wakubaliane. Wiredu alisema hoja ilikuwa njema na hitimisho lilikuwa baya. Mwafaka ni tunda la mazungumzo, na mazungumzo hayapo pale ambapo anayepinga anaogopa. Kwao Ghana chama kimoja kilipitishwa kwa kura ya mwaka 1964, na J. B. Danquah, mwanasheria na mwanafalsafa aliyeandika juu ya imani ya Waakan kuhusu Mungu, alifia katika gereza la Nsawam Februari 1965 bila kufikishwa mahakamani. Huo haukuwa mti mkubwa.

Si haki kumwaga mizani yote upande mmoja. Tanzania ilipofikia njia panda, Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1991 ilikuta kwamba wananchi wapatao 80 kwa 100 walitaka chama kimoja kiendelee, na bado ikashauri kuingia vyama vingi, nayo sheria ikabadilishwa 1992. Wengi waliacha nafasi kwa wachache, jambo ambalo vichwa vya mamba vingelielewa. Wala Wiredu hakuvishangilia vyama vingi. Aliona kwamba anayeshinda kwa kura 51 kwa 100 na kuwaweka nje 49 ameshinda hesabu tu. Alipendekeza utawala usiotegemea vyama kabisa. Anayejua jinsi vikao vinavyoendeshwa, mwenyekiti akiuliza "tumekubaliana?" huku akifunga daftari, atakuwa na mashaka kama kuondoa vyama kungeondoa daftari lile.

Na mashaka makubwa zaidi yanahusu baraza lenyewe analolisifu. Emmanuel Eze wa Nigeria alimjibu kwamba wazee wale hawakushawishiana kwa hoja tupu. Kiti cha mfalme kilikuwa kitakatifu, na utakatifu hunyamazisha. Yaweza kuongezwa jingine. Dola ya Ashanti ilikuwa na watumwa. Waliokaa barazani na kuzungumza hata wakakubaliana walikuwa wakuu wa koo; mtumwa aliyewalimia chakula cha kikao hicho hakuulizwa kama amekubali. Mtu aliyefundisha kwamba mila isimamishwe mbele ya swali hakulipa swali hili nafasi linayostahili katika insha yake ya mwafaka. Bado halijajibiwa, nalo linawangoja wanaofundisha falsafa Legon na Dar es Salaam.